Jiwe la Gramu Mia Mbili

Jumatatu, 6 Aprili

Kwako Muuguzi,

Jumatano ya tarehe 18 Februari, saa saba mchana, ndani ya chumba cha dharura cha wodi yako ya wagonjwa wa akili, nilipoteza mkono wangu wa kulia na nikampoteza mdogo wangu. Mkono, daktari anasema utarudi. Huyo mwingine sijapata wa kunieleza.

Nimeyatanguliza hayo kabla ya salamu, na mama angekuwa anachungulia begani kwangu angenizaba kofi la kisogo. Haya basi, salamu. Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi, na kila mlango ukigongwa anauliza kama ni wewe. Wifi yako hajambo, ila bado tumenuniana juu ya lile jiwe la gramu mia mbili la seti ya mizani ya baba. Tangu mwaka jana halionekani. Nilimwambia lazima alilichukua kupondea vitunguu saumu. Akaniapia. Nikamwambia shaba haina miguu. Basi chakula tunakula pamoja, maneno tunapimiana.

Nakuandikia, na simu yako sipokei, kwa sababu nakujua. Kwenye simu unalia, nami nikisikia unalia nasahau nilichotaka kuuliza. Kwenye karatasi, likidondoka chozi, nitaona doa tu na nitaendelea kusoma. Ukiona herufi zangu zinayumba, sijalewa. Huo ndio mkono wenyewe.

Sasa niandike ninachokumbuka, nawe unirekebishe.

Nilikuwa sijalala siku kadhaa. Nilipita sokoni nikazitangaza mizani zote kuwa za uongo. Nikampandisha muuza nafaka juu ya mizani yake mwenyewe na kumsomea kilo zake mbele ya wateja, na alichukia zaidi kwa zile kilo kuliko kwa mizani. Nilistahili kushikwa. Silalamiki kushikwa, na walionileta walinileta kwa wema.

Nilipofika nilikuona mlangoni na sare yako, nikapumua. Nikasema moyoni, nimefika mahali penye mtu mmoja anayejua. Nikapaza sauti: "Ya tatu! Nipeni ya tatu!" Nilirudia mpaka koo likakauka. Maana yake unaijua. Chumba kizima hakuna mwingine aliyeijua.

Nikukumbushe, maana inaelekea umesahau. Baba alitufundisha kwamba mizani haitoki karakana bila kujaribiwa na watu wawili: mmoja anapanga mawe kwenye sahani, mwenzake amekingiwa sinia asiyaone, anasoma mshale tu. Anayepanga hasemi, anayesoma habahatishi. Ndivyo tulivyokua mimi na wewe. Mwaka jana, nilipopona ule ugonjwa wa mara ya pili, nilikuomba tuzipime dawa za kutuliza kwa njia hiyohiyo. Mbili kati ya hizo nilikwisha kuchomwa, nikaogopa hofu yangu isije ikasoma mshale badala yangu. Tukaweka mizani kwenye meza ya mama, sinia katikati, mama kaketi pembeni anachambua mchele. Ukasema kila dhara mnaloliona wodini utaliwekea jiwe, dhara kubwa jiwe kubwa, na dawa hutaitaja kwa jina.

Ya kwanza mshale ulisimama kwenye mia tano na hamsini. Ya pili, mia mbili na hamsini. Ya tatu, mia moja na hamsini. Nikasema, nachukua ya tatu. Ukaondoa sinia, ukanitajia: ya kwanza ni haloperidoli peke yake, ya pili ni haloperidoli pamoja na mwenzake promethazini, ya tatu ni midazolamu. Tukapeana mkono kwamba nikiugua tena na sijijui, wewe utahakikisha ninapewa niliyochagua. Mama ni shahidi.

Nilichomwa ya kwanza. Kabla jua halijazama shingo ilikuwa imegeukia ukutani, taya limekaza, macho yamepanda darini na hayashuki. Nasikia watu wanaongea karibu yangu, siwezi kuwatazama. Ndivyo ilivyokuwa katika ile hospitali ya mara ya kwanza, na ulijua, maana nilikusimulia nikiwa natoka jasho. Kisha wakanipa vidonge vya aina hiyohiyo, na vidonge ndivyo vilivyouachia mkono mtetemo huu. Sonara aliniletea mizani yake ndogo. Nikashika kijiwe cha gramu moja kwa kibano, kikaruka kama panzi. Akaichukua mizani yake akaaga kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonichoma.

Nawe wiki mbili baadaye ukapata uhamisho.

Kwa nini?

Fundi


Jumamosi, 25 Aprili

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika imekunjwa mara nyingi hata nikajua ulivyokuwa unaikunja. Asante kwa habari za nyumbani, hata hizo ulizonirushia kama mtu anayemtupia paka mfupa. Mwambie mama asipande ngazi na ndoo mkononi, abebewe, na akibisha mwambie nimesema mimi. Na wifi yangu mwache jamani. Vitunguu saumu havipondwi kwa shaba, vinaharibika ladha, na yeye anajua jiko lake. Jiwe litaonekana.

Huku sijambo. Wodi ni ndogo, vitanda kumi na viwili, na madirisha yanafunguka nusu. Nimepanga chumba nyuma ya duka la vioo. Kila asubuhi wanapokata vioo meno yananisisimka. Bado sijapata mtu wa kucheka naye. Wenzangu ni watu wazuri, ila wakisalimia wanaendelea kutembea.

Juu ya siku ile, kaka, dawa ilikuwa imekwisha. Unazijua hospitali. Tuliagiza, haikuletwa, tukatumia iliyokuwepo. Hakuna aliyekutakia mabaya. Waombe wakubadilishie vidonge, waeleze habari ya mtetemo na wasikuambie uvumilie. Huku unasubiri, chukua mpira mdogo uwe unaubana na kuuachia. Mkono utarudi, nimeona mingi ikirudi.

Unasema uliniona mlangoni. Nilikuwepo.

Nakuomba tu usiniite Muuguzi. Wagonjwa huniita hivyo kutwa nzima.

Mdogo wako


Jumamosi, 9 Mei

Kwako Muuguzi,

Nitaacha kukuita hivyo nikipata sababu.

Mama anasema amesikia juu ya ngazi, na kwamba ndoo anaibeba kwa mkono, goti linahusika vipi. Wifi yako anakusalimu na anashukuru kwa kutetewa. Ameikata ile sehemu ya vitunguu saumu kwenye barua yako na kuibandika juu ya jiko. Vidonge wamenibadilishia. Nabeba kikombe kikiwa nusu bila kumwaga. Kikiwa kimejaa bado nanywa mezani, nimeinama kama ng'ombe.

Kubadilishiwa kwenyewe nilikwenda kwenye wodi yako ya zamani. Mlangoni nilimkuta yule mhudumu wa funguo, Bwana Kitasa, tumbo lake bado linamtangulia.

"Fundi!" akaniita. "Leo umekuja na shingo yako imenyooka."

"Niliipeleka kwa fundi baiskeli," nikamwambia. "Kitasa, hebu nipe habari. Midazolamu iliwaishia lini?"

"Kuisha? Hiyo mbona inakaa kabatini kama mwenye nyumba! Kipindi kile kilichotuishia ni promethazini. Hata ampuli moja ya kumwonyesha mkaguzi hatukuwa nayo."

"Una hakika?"

"Maboksi nayabeba mimi, Fundi, na mgongo unanikumbusha."

Nikaegemea mlango. Yeye akadhani nimechoka, akataka kunichangamsha. Akasema, "Lakini siku ile ulituchekesha na hesabu zako. Ya tatu, ya tatu! Mpaka daktari akamgeukia dada yako, akamuuliza, 'Ndugu yako anasema nini?' Dada yako akamjibu, 'Anahesabu tu, daktari. Kazi yake ni mizani.'"

Nilikaa kwenye benchi hadi jina langu likaitwa mara kadhaa na mtu wa pembeni akanigusa goti.

Umeandika kwamba dawa ilikuwa imekwisha. Ni kweli, moja ilikwisha. Ulijua mimi nitasoma ipi. Umeniuzia nusu kilo kwa karatasi nzito, na mimi kazi yangu miaka yote hii ni kuwakamata wanaofanya hivyo. Nilianza na bisibisi na gunia la kukalia kwenye kibaraza cha watu. Leo mkaguzi wa vipimo akikwama ananiita mimi. Sikufika hapa kwa kudanganyika kirahisi. Wewe umeniweza kwa sababu kwako sikuwa napima.

Siku nzima ile akili yangu ilikuwa imetawanyika kama mchele uliomwagika. Maneno yenye akili yaliyobaki yalikuwa mawili tu: ya tatu. Nilikuwa nimeyashikilia tangu sokoni, nikiwa nimebebwa mikono na miguu, ili nisiyaangushe njiani. Na duniani kote yalikuwa na mkalimani mmoja. Mkalimani akaulizwa. Akasema, anahesabu tu.

Sikuulizi tena kwa nini nilichomwa ya kwanza. Nakuuliza kwa nini ulisema vile.

Fundi


Jumapili, 14 Juni

Kwako Muuguzi,

Mama hajambo. Sisi hatujambo. Mvua imekatika, paa la karakana nimelitengeneza.

Sijapata jibu. Wa kwenye ofisi ya vifurushi ameniambia barua yangu ilichukuliwa, na aliyeichukua alitia sahihi. Sahihi yako naijua.

Wifi yako anasema labda unaumwa. Nimemwambia ungekuwa unaumwa ungeandika kurasa nne juu ya ugonjwa ili usiandike juu ya hili. Amesema nina roho mbaya. Inawezekana. Ilikuwa nzuri mpaka Februari.

Fundi


Alhamisi, 2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Kifurushi hiki kina barua na kitu kingine. Tafadhali soma kwanza.

Sikuumwa. Niliandika nikachana. Jana niliandika tena nikachana. Leo nimeamua nisiisome nikimaliza.

Uliniambia nikurekebishe pale unapokosea. Umekosea mahali pamoja, nyuma kabisa, kwenye ugonjwa wako wa mara ya pili, ulipoletwa kwetu nikakuchoma midazolamu kwa mkono wangu. Siku zote husema ulilala tu. Ulilala kweli, sijamaliza hata kukufuta kwa pamba. Nikafurahi. Kati ya dawa zetu hiyo ndiyo inayomlaza mtu upesi kuliko zote. Ile jozi, haloperidoli na promethazini, inaifuata kwa karibu na inamwacha mtu na shingo yake. Haloperidoli ikiwa peke yake ndiyo inayochelewa, na ndiyo inayopinda watu. Hayo yote nilikueleza kwa mawe, na yalikuwa ya kweli.

Ila siku ile niligeuka kuweka sindano kwenye boksi, nilipogeuka tena kifua chako kilikuwa hakipandi. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Nilichukua puto, lile la kubana kwa mkono la kumsukumia mtu pumzi, nikakuwekea barakoa yake usoni nikabana na kuachia, nikabana na kuachia, mpaka daktari akaja na dawa ya kuirudisha nyuma ile niliyokuchoma. Sikumbuki ilikuwa muda gani. Wewe hukujua lolote. Ulipoamka ulinitazama, ukaniita jina langu la utani la karakana: "Mshale, usingizi gani ule! Tangu utotoni sijalala hivyo." Ulikuwa unatabasamu. Ningekuambia nini, kaka? Nikasema, pole, lala tena.

Dawa hiyo wengi wanaipokea vizuri, wanaamka wanaomba chai. Ni wachache tu wanaokatika pumzi, na inataka mtu wa kukaa kando ya kitanda na puto karibu. Lakini hao wachache kwangu wana sura yako.

Sasa meza ya mama. Jiwe la hilo nililiandaa. Lilikuwa mia mbili. Nilipofika kwenye ya tatu nikaweka la mia, nikaweka la hamsini, na hilo lilikuwa kiganjani. Nikamtazama mama. Alikuwa ameacha kuchambua mchele, ananiangalia mkono. Nilikuwa nimemwahidi kwamba tukiondoa sinia nitamweleza kila jiwe maana yake. Na asubuhi ileile alikuwa ameniambia, "Mwanangu, mimi nalala, maana najua yuko mikononi mwako." Nikalitia jiwe mfukoni. Nilidhani hata bila hilo ungechagua ya pili. Sikupiga hesabu. Wewe ndiye wa hesabu. Uliposema "mia moja na hamsini, nachukua hii," nilitaka kulirudisha jiwe sahanini. Lakini anayepanga hasemi.

Nilikusudia kukuambia kesho yake. Kisha keshokutwa. Ulikuwa na furaha na uchaguzi wako, ukiutangaza kwa kila mtu kama umenunua kiwanja.

Februari. Promethazini haikuwepo, Kitasa amesema kweli. Na puto letu lilikuwa limeazimwa asubuhi na chumba cha upasuaji, halijarudi. Ulipoingia unapiga kelele "ya tatu" ukinitazama mimi, niliiona ile midomo. Daktari akauliza. Nikasema nilichosema.

Shingo ilipopinda nilikimbia wodi ya wazazi nikaombaomba mpaka nikapata ampuli moja ya promethazini, nikairudisha shingo yako mikononi mwangu. Hukuniona kwa sababu macho yako yalikuwa darini. Uhamisho niliuomba mwenyewe.

Mama asiambiwe habari ya pumzi, nakusihi. Moyo wake si wa kubeba hilo.

Jiwe liko ndani ya soksi. Mwombe wifi yangu radhi kwa niaba yangu, na kwa niaba yako.

Mdogo wako


Ijumaa, 17 Julai

Mshale,

Mtetemo umebaki kidogo kwenye kidole cha shahada. Jana sonara alirudi. Alijifanya anapita tu, kisha akatoa mizani yake kwenye mfuko wa nguo nilioutambua tangu mlangoni.

Kifurushi kimefika. Jiwe nimelipima: mia mbili kamili, halijapungua, ila linanuka sabuni ya hospitali. Wifi yako nilimwomba radhi nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalichukua jiwe, akaliweka jikoni juu ya vitunguu saumu, akasema litakaa hapo mpaka atakapojisikia. Limekaa siku tatu. Kila mgeni alionyeshwa na kusimuliwa.

Mama nimemwambia. Uliniomba nisimwambie, nami nimemwambia, kwa sababu kufichana kumetutosha katika nyumba hii. Akaendelea kuchambua mchele wake, akapata kijiwe, akakitupa nje. Ndipo akasema, "Kumbe alizaliwa mara mbili, na mara ya pili sikualikwa." Kisha akaniuliza kama huko ulipo unakula vizuri. Huo ndio moyo usioweza kubeba.

Nilirudia kupima. Wifi yako alipanga mawe, mimi nyuma ya sinia. Ya pili, mia mbili na hamsini. Ya tatu, na jiwe lake sasa limo, mia tatu na hamsini. Ningechagua ya pili, Mshale. Ningeichagua palepale mezani bila kusita, na leo tusingekuwa na barua hizi. Ulichonificha si siri yako. Ilikuwa pumzi yangu, na mimi mwenyewe nilikuwa siijui habari yake.

Nimekuwa nikikuonea huruma wiki hii, na nimekuwa nikichukia kwamba nakuonea huruma. Naiona mikono yako inabana na kuachia. Uliniambia nibane mpira mdogo na kuuachia, kumbe ulikuwa unaniandikia hilo huku unakumbuka lile puto. Asante kwa pumzi. Nasema asante na simaanishi vingine.

Lakini lile la mlangoni halijalipwa na hilo. Daktari alikuuliza. Ungeweza kumjibu: kaka yangu amechagua midazolamu akiwa na akili zake, ila safari iliyopita ilimkata pumzi, na puto halipo. Hayo tu. Yeye mwenyewe angesema basi, tumchome ya kwanza. Ningechomwa sindano ileile, shingo ingepinda vilevile, mkono ungetetemeka vilevile, na nisingekupoteza. Badala yake ulichukua maneno yangu mawili ya mwisho yenye akili ukawapa watu wayacheke. Hukunilinda na dawa tu. Ulinifuta.

Na kuna jambo hukuliandika. Umeandika kwamba puto halikuwepo. Umeandika pia kwamba uliiona ile midomo. Hukuandika ni lipi kati ya hayo mawili lililokusemesha. Nimeisoma barua yako mara nyingi kutafuta, halimo. Hilo ndilo ninalolitaka.

Daktari wa wodi anataka nimtajie mtu mmoja wa kupigiwa simu nikiletwa tena hali sijijui. Neno la mtu huyo litahesabiwa ni langu. Wifi yako yuko tayari, ila dawa hazijui, ataitikia lolote atakaloambiwa. Wewe unazijua zote, na hapo ndipo ninapokwama.

Basi sikia nilivyochagua, mawe yote yakiwa kwenye sahani. Ya pili ikiwepo, wanichome ya pili. Isipokuwepo, na puto liko kando ya kitanda na mtu wa kulishika, wanichome ya tatu. Puto lisipokuwepo, wanichome ya kwanza, nipinde shingo, na sitakuandikia barua ya kulalamika. Mwanzo na mwisho wa maneno hayo sina wasiwasi navyo. Swali langu ni la katikati.

Siku watakapokupigia wakakuambia jozi imekosekana, puto lipo, daktari yupo, na kaka yako yuko hapa anapiga kelele ya tatu, ya tatu, utawaambia wanichome ya tatu? Au utawaambia ninahesabu?

Ijumaa tarehe 31 Julai, saa sita mchana, ninaingia kwa daktari kutaja jina. Simu nimeiwasha, na yako nitapokea. Piga kabla ya saa hiyo. Sitaki habari za wodi wala za duka la vioo. Sema ndiyo, au sema hapana. Jibu kwanza, ndipo ulie.

Kaka yako